Shule inanitangaza mzaliwa wa London, na kibali cha kazi sijakiona

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 29, natoka Afrika Mashariki, na nafundisha Kiingereza katika kituo binafsi cha lugha hapa Ho Chi Minh City, Vietnam. Shahada yangu ni ya biashara. Kiingereza nimesomea tangu utotoni hadi chuo, na kabla ya kuja huku nilichukua cheti cha kufundisha cha saa 120 mtandaoni. Walinihoji kwa video, wakapenda ninavyozungumza, wakaniambia niingie na viza ya mtandaoni ya siku 90, habari ya kibali cha kazi watanishughulikia nikishafika.

Hayo yalikuwa mwaka jana. Kila viza ikikaribia kwisha napanda basi hadi mpaka wa Moc Bai, navuka kuingia Kambodia, nakaa huko mpaka viza mpya itoke, ndipo narudi. Nikiuliza kibali, meneja anasema karatasi za watu wa nchi yangu zina mlolongo mrefu, nivute subira.

Shangazi, kazi yenyewe naipenda mno. Siku za wiki nafundisha jioni, Jumamosi na Jumapili kutwa. Wengi ni watoto wa miaka minne hadi sita. Kuna mmoja aliyekuwa akiingia darasani anakwenda moja kwa moja chini ya meza, hasemi, halii, anatutazama miguu tu. Nikawa namsukumia kadi za picha huko huko chini, moja moja, naye anazirudisha kimya kimya. Siku moja alirudisha ya chura na jina lake kwa Kiingereza, kwa sauti ya kunong'ona. Sasa anakaa kitini na anawasahihisha wenzake. Mama yake amelipia mwaka mwingine.

Kinachonikosesha usingizi ni kipeperushi. Wametoa kipya chenye picha yangu, bendera ya Uingereza pembeni, na chini wameandika "Miss Emily, London". Emily siyo jina langu na London sijawahi kufika hata kupita uwanja wa ndege. Nilipouliza, meneja alicheka, akasema wazazi wanalipia mzawa wa lugha, na kwa kuwa wanafurahi, nani ameumia?

Wiki mbili zilizopita baba mmoja aliyesoma Birmingham alinisimamisha mlangoni. Msaidizi wangu wa darasa akamwambia kwa fahari, "Mwalimu anatoka London." Yule baba akanigeukia: "London sehemu gani?" Nikakamata kadi zangu, nikamwambia watoto wananisubiri.

Sasa meneja anataka niwe mwalimu kiongozi, mshahara upande, mkataba mpya wa mwaka. Sharti ni nirekodi video ya matangazo nikijitambulisha kama Emily wa London. Kibali, anasema, kitafuata. Nina mpaka mwisho wa mwezi kusaini.

Kuna kituo kingine kidogo kule Can Tho. Wao wako tayari kunichukua kwa jina langu na nchi yangu, na wanasema kibali kitaanza kushughulikiwa kabla sijaingia darasani. Lakini malipo ya saa yako chini kwa karibu theluthi moja. Isitoshe, wanataka niwapelekee matokeo ya mtihani wa Kiingereza! Mimi mwalimu wa Kiingereza nikapimwe Kiingereza! Iliniuma, sijawajibu.

Mwenzangu tunayetoka naye eneo moja, ambaye kwenye vipeperushi ni "Mr. David wa Kanada", ananiambia nifunge mdomo nisaini. Anasema nikianza kujifanya mwadilifu nitawachongea wote wenye rangi yetu. Na mdogo wangu yuko mwaka wa pili chuoni, karo inatoka kwangu.

Nisaini au niondoke? Nikiacha nafasi kama hii kwa sababu ya uongo mdogo ambao haumuumizi mtu, si nitakuwa mjinga?

Ni mimi,
Emily wa Uongo

*

Marahaba, mwanangu. Umetia saini barua yako kwa kejeli, nami nimecheka kidogo, ila jina hilo sitakuitia.

Nikikuelewa vizuri, unaulizwa kama uko tayari kusema mbele ya kamera kwamba wewe ni mtu mwingine, na malipo yake ni cheo, nyongeza ya mshahara na ahadi ya kibali ambacho tayari uliahidiwa mwaka jana. Upande wa pili kuna kazi ya jina lako halisi, yenye pesa kidogo na mtihani unaoukera moyo wako. Katikati kuna karo ya mdogo wako na mwenzako anayeogopa. Umeyafunga yote katika furushi moja, na nahisi hata meneja wako anapenda yakae hivyo. Mimi ningependa tuyafungue, maana suala la jina na suala la kibali ni mambo mawili, na hatari zake hazilingani.

Tuanze na kibali. Umeambiwa karatasi za watu wa nchi yako zina mlolongo. Huenda ni kweli, maana shahada yako lazima ithibitishwe kisheria ndipo itambulike Vietnam, cheti cha polisi cha tabia njema vilevile, na mambo hayo yanakula wiki nyingi. Lakini umewahi kuambiwa sheria yenyewe inasemaje juu ya mtu kama wewe? Kanuni za vituo vya lugha za wizara ya elimu ya Vietnam, za mwaka 2018, hazikuwafungia mlango walimu wageni ambao si wazawa wa Kiingereza. Mgeni asiye mzawa, ambaye shahada yake si ya ualimu wa lugha, hutakiwa awe na shahada au stashahada ya chuo, cheti cha kufundisha lugha, na uthibitisho wa kiwango chake cha lugha, kuanzia daraja la 5 katika madaraja 6 ya nchi hiyo, yaani C1 katika vipimo vya lugha vya Ulaya. Shahada unayo. Cheti unacho. Kilichobaki ni uthibitisho.

Sasa liangalie tena ombi la Can Tho la matokeo ya mtihani. Wewe umeona dharau. Mimi, kwa mbali nilipo, naona watu waliosoma kanuni na wanajua faili lako linapungukiwa nini. Kituo chako cha sasa hakijawahi kukuomba karatasi hiyo. Inawezekana wana njia yao nisiyoijua. Inawezekana pia hakuna faili lolote lililofunguliwa. Jinsi ya kujua ni rahisi: omba uonyeshwe stakabadhi ya ombi la kibali, na uulize limeandikwa kwa uraia gani. Swali hilo la pili ndilo litakalokuonyesha mengi, kwa kuwa kibali huandikwa kwa pasipoti. Hakuna kibali cha Emily wa London. Shule ikikuombea kibali kwa ukweli serikalini huku ukutani imekubandika kwa uongo, imejiwekea ushahidi wa kujifunga yenyewe. Sidai kwamba ndiyo sababu ya subira yote hii. Nasema tu kwamba ukiwa na jibu lake utasaini au utakataa ukiwa na macho.

Na hatari inamwangukia nani? Viza ya mtandaoni ya siku 90 haimruhusu mtu kufanya kazi. Kwa amri ya serikali ya Vietnam ya mwaka 2022, mgeni anayekutwa akifanya kazi bila kibali wakati alipaswa kuwa nacho hutozwa faini ya dong milioni 15 hadi 25, na hurudishwa kwao. Mwajiri naye ana faini yake, kubwa zaidi. Lakini mwajiri akishalipa anafungua mlango Jumatatu. Wewe utakuwa kwenye ndege. Unapoandika kwamba hakuna anayeumia, mwanangu, jihesabu na wewe.

Meneja hakuchagua bendera ile kwa sababu anakuchukia. Vituo vya aina hii mara nyingi huuza masomo kwa vifurushi vya miezi sita au mwaka, na mzazi hulipa kabla ya mtoto kufundishwa. Pesa ya mwezi huu inategemea wangapi wamejiandikisha mwezi huu. Ndiyo maana siku ya somo la majaribio wazazi wakiwa wamejipanga nyuma ya kioo ina uzito kuliko masomo mia yanayofuata, na ndiyo maana sura na bendera vinageuka bidhaa. Biashara hiyo ina hatari yake. Japani, mwaka 2007, Nova, mnyororo mkubwa kuliko yote wa shule za Kiingereza nchini humo, ulianguka na kuwaacha walimu wageni kwa maelfu bila mishahara. Huko huko uliko, Apax Leaders, nayo ya masomo ya Kiingereza, ilianza kufunga vituo kimoja baada ya kingine mwishoni mwa 2022, wazazi wakidai karo walizotanguliza na walimu wakidai jasho lao, na mwenyekiti wake akakamatwa Machi 2024. Chako si lazima kiende njia hiyo. Nakukumbusha tu kwamba "mkataba wa mwaka" wa kituo kinachoishi kwa pesa za kutangulizwa si akiba benki, na ukikisaini bila kibali utakuwa na pa kulalamikia padogo sana.

Halafu neno "uongo mdogo". Sitakuhubiria. Nina swali moja tu: yule mtoto wa chini ya meza alifunguliwa na nani? Wewe ulikuwa na subira ya kumsukumia kadi mwezi baada ya mwezi. Kwenye kipeperushi sifa hiyo anapewa mwanamke wa London ambaye hayupo. Kadiri unavyofundisha vizuri ndivyo wazazi wanavyozidi kuamini kwamba bendera ndiyo iliyofundisha, na ndivyo mwalimu mwingine wa kwetu atakayekuja kesho atakavyoambiwa naye ajiite Mkanada. Mwenzako anasema ukweli utawaponza. Ana hoja, sitaibeza. Ila uongo nao umeshaanza kuwaponza, taratibu tu.

Lakini sikudanganyi kuhusu soko. Chama cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza, TESOL, kilitoa tamko mwaka 2006 kupinga ubaguzi dhidi ya walimu wasio wazawa wa lugha, na matangazo ya "mzawa tu" bado yamejaa. Wazazi wengi wanalipia sura na pasipoti. Nchi nyingine zimeliandika hilo katika sheria zao: Korea Kusini hutoa viza yake ya walimu wa lugha, E-2, kwa walimu wa Kiingereza, kwa kawaida kwa raia wa nchi saba tu, nazo ni Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Ungekuwa Seoul ukaniuliza swali hili, barua yangu ingekuwa fupi na ya huzuni. Uliko wewe sheria haikukataa. Anayekukataa ni mtu wa matangazo, na mtu wa matangazo anaweza kujadiliwa naye.

Je, umejaribu? Barua yako inanipa njia mbili, kusaini au kuondoka. Kuna ya tatu: kumwambia meneja kwamba cheo unakitaka, mkataba unautaka, ila video utarekodi kwa jina lako, bila kutaja mahali ulipozaliwa, ukijieleza kama mwalimu wa watoto wadogo, na wazazi waliolipia tena wawe ndio ushahidi. Una cha kujadiliana nacho. Mama aliyelipia mwaka wa pili kwa ajili yako ni hesabu anayoielewa meneja yeyote. Hatari yake ni kwamba anaweza kukunyima cheo, au akakuweka kando mkataba wa sasa ukiisha, na akapata Emily mwingine kabla ya Tet, mwaka mpya wa huko. Kabla ya kuingia ofisini kwake, basi, hakikisha mshahara wa mwezi huu uko mkononi na viza yako ina siku za kutosha. Mazungumzo ya namna hiyo hayafanywi wiki ya kwenda Moc Bai.

Ukisaini kama alivyotaka, utapata pesa, na pesa si jambo dogo, karo hailipwi kwa msimamo. Ila video si kipeperushi. Kipeperushi hutupwa, video itabaki na sauti yako na uso wako, na siku mwajiri mwingine, hata wa miaka mitano ijayo, akiiona karibu na wasifu wako unaosema kweli, ndiwe utakayeeleza. Baba wa Birmingham naye hajaenda popote. Akikuuliza tena, hudaiwi historia ya maisha yako mlangoni. "Sikukulia London" ni jibu lililokamilika, na baada yake unaweza kuingia darasani. Iwapo utaweza kulisema ukiwa umesharekodi video, hilo ndilo la kujiuliza usiku.

Can Tho nako usiende kwa macho yaliyofumbwa. Ahadi ya kibali ni ahadi, iwe ya mkubwa au ya mdogo, na ya kwanza uliipewa kwa video vilevile. Waombe rasimu ya mkataba, uliza nani analipia kibali, na uliza kitachukua muda gani na wewe utakuwa unaishi kwa nini wakati huo. Kibali kimefungwa na mwajiri, kwa hiyo ukikipata kwao na wasikufae, kuhama kutadai utaratibu mpya. Ongea pia na mwalimu mgeni anayefundisha pale sasa. Akisita kukujibu kama kibali chake anacho, umejibiwa.

Kuhusu theluthi ya mshahara, kaa na kalamu. Malipo ya saa peke yake yanapotosha. Kutoka kwa unachopata sasa toa basi la mpakani, viza mpya, vyumba vya Kambodia, na masomo yote usiyolipwa ukiwa huko, ujumlishe kwa mwaka. Huenda pengo likapungua sana, huenda lisipungue vya kutosha, na hapo utalazimika kuongea na mdogo wako kuhusu muhula mmoja mgumu. Je, nyumbani wanajua unavyoishi? Hujasema. Wengi wetu tukiwa ughaibuni hutuma pesa na kuficha mengine, kisha tunadhani familia ndiyo iliyotulazimisha. Mtu wa mwaka wa pili chuoni ni mtu mzima. Anaweza kuwa na wazo.

Kurudi nyumbani hukukutaja kabisa. Sikusukumi huko. Nakitaja kwa sababu mtu aliyejifungia mlango mmoja huuza rahisi kwenye milango mingine.

Kuna kazi ambayo haisubiri uamuzi wako, na ningeianza wiki hii. Waandikie Can Tho, kwa adabu, uulize ni mtihani upi hasa wanaoukubali kabla hujalipia. IELTS, mtihani wa Kiingereza wa kimataifa, hufanyika hapo hapo mjini kwako, alama 7 huhesabiwa mwanzo wa C1, na matokeo yake hutumika miaka miwili. Mtihani wa Cambridge wa C1 Advanced nao upo, na cheti chake hakiishi muda. Mwombe ndugu nyumbani aanze kufuatilia uthibitisho wa shahada, na uulize cheti cha polisi unaweza kukiomba vipi ukiwa mbali. Karatasi hizo zitakufaa ukibaki hapo ulipo, ukienda Can Tho, au ukienda nchi nyingine kabisa. Na ukiwa nazo mkononi, ile hadithi ya mlolongo mrefu itakosa pa kujificha.

Kuhusu "Mr. David", mtenganishe na jambo lako. Kukataa kusema uongo kwa mdomo wako si kwenda kumshtaki. Mwambie hivyo waziwazi, kwamba jina lake halitatoka kinywani mwako. Kisha muulize, bila kumsuta, kama stakabadhi ya kibali chake yeye ameiona. Huenda hofu yake inatoka hapo, na huenda mkaenda kuuliza pamoja. Meneja hujibu tofauti akiulizwa na walimu wawili wa Jumamosi kwa mpigo.

Ukisaini, niandikie, sitakununia. Usiposaini, niandikie pia. Lakini kabla ya yote fungua pasipoti yako leo uangalie viza inaisha tarehe ngapi, na kama tarehe hiyo iko kabla ya mwisho wa mwezi, mwombe meneja akuongezee muda wa kusaini, kwa maandishi.

Shangazi